Macho Makavu: Yanavyotokea na Namna ya Kuyatunza

Mtu anayetokwa na machozi kila apigwapo na upepo huona ajabu akiambiwa kwamba macho yake ni makavu, lakini mara nyingi ndivyo ilivyo. Uso wa jicho unapokauka, neva zake hupeleka taarifa ya muwasho, na tezi kubwa ya machozi iliyo juu ya jicho kwa upande wa nje hujibu kwa kumwaga maji mengi kwa mkupuo, ambayo huishia mashavuni na kuuacha ukavu pale pale. Kwa hiyo usingoje machozi yaishe ndipo ushuku tatizo. Dalili zake ni macho kuchoma au kuwasha, kuhisi kama kuna mchanga ndani, wekundu, macho kuchoka upesi wakati wa kusoma, na kuona ukungu unaoondoka mara tu unapopepesa kope. Dalili hii ya mwisho ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa wapo wanaobadilisha miwani mara kwa mara ilhali kasoro iko kwenye machozi yenyewe.

Machozi hutanda juu ya jicho kama utando mwembamba wenye sehemu tatu: ute unaoyashikiza kwenye jicho, maji yenye chumvi na protini, na mafuta yanayokaa juu kabisa ili maji yasikauke upesi. Mafuta hayo hutoka katika vitundu vidogo vilivyojipanga ukingoni mwa kope, nyuma kidogo ya mstari wa nywele. Wengi wenye macho makavu hawajapungukiwa sana na maji. Tezi zao za mafuta ndizo zilizoziba, na maji waliyonayo hukauka kabla ya mpepeso unaofuata. Ndiyo maana matone peke yake, bila kushughulikia kope, huwapa wengi nafuu ya muda mfupi tu.

Anza, basi, na kope. Nawa mikono, chukua kitambaa safi, kichovye katika maji ya moto kiasi ambacho ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono inastahimili bila kuumia, kikamue, kisha kiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10. Kitambaa hupoa haraka, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu mafuta yaliyoganda huhitaji joto la nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi kidogo ili yalainike, na kitambaa cha vuguvugu hakifikii hapo. Kichovye tena kila kinapoanza kupoa. Ukishakiondoa, macho yakiwa bado yamefumbwa, pitisha ncha ya kidole taratibu kutoka juu kwenda chini kwenye kope ya juu, na kutoka chini kwenda juu kwenye kope ya chini, yaani sikuzote kuelekea kwenye nywele, bila kulikandamiza jicho lenyewe. Mafuta mazima ni maangavu na mepesi; yaliyoharibika hutoka mazito kama dawa ya meno, au hayatoki kabisa. Malizia kwa kufuta ukingo wa kope kwa pamba safi iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ili kuondoa magamba na tongotongo. Fanya hivyo kila siku, na usikate tamaa usipoona tofauti siku za mwanzo, kwani tezi huhitaji wiki kadhaa kufunguka.

Mtu hupepesa kope takriban mara 15 kwa dakika, lakini akikodolea skrini idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na mipepeso mingi huwa haifungi jicho lote. Weka skrini chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa zaidi ya jicho. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20, na kwa maoni yangu ni muhimu vilevile kufumba macho kabisa mara chache kabla ya kurudi kazini. Usikae mkabala na feni au kiyoyozi, na ujiepushe na moshi, ukiwemo wa sigara.

Katika kuchagua matone, tafuta machozi ya bandia. Matone ya kuondoa wekundu hubana mishipa ya damu tu, na wekundu huweza kurudi kwa nguvu zaidi dawa inapokwisha kazi. Ukihitaji machozi ya bandia zaidi ya mara 4 kwa siku, chagua yasiyo na kemikali ya kuhifadhi dawa, kwa kuwa kemikali hiyo nayo huudhi uso wa jicho. Tone moja latosha: vuta kope ya chini, dondosha bila ncha ya chupa kugusa jicho, kisha fumba kwa dakika moja. Jeli na malhamu ni za wakati wa kulala, kwa kuwa hutia ukungu. Matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, yasitumiwe kamwe bila daktari, kwani huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Ama vidonge vya mafuta ya samaki, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 haukuona vikishinda mafuta ya zeituni yaliyotumiwa kama kilinganishi.

Wakati mwingine chanzo kiko mbali na jicho. Dawa za mzio, baadhi ya dawa za sonona na za chunusi, kukoma hedhi, baridi yabisi na kasoro za tezi ya thairoidi huweza kukausha macho. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa uamuzi wako. Zungumza na aliyekuandikia. Macho makavu yakiandamana na kinywa kikavu na maumivu ya viungo, mwambie daktari, kwa sababu huenda ni ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata maumivu makali, uoni ukipungua ghafla, mwanga ukiumiza, au jicho likiwa jekundu na kuuma ilhali unavaa lenzi za macho. Lenzi hizo zivue kwanza. Kwa ukavu wa kawaida usiotulia, daktari wa macho ataweza kupachika kipande cha karatasi kwenye kope ya chini kwa dakika 5 na kupima umbali ambao machozi yamelowesha: milimita 5 au pungufu huashiria upungufu wa maji. Huenda akaziba vitundu vinavyopeleka machozi puani, au akaandika matone ya saiklosporini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo huchoma mwanzoni na huchukua miezi kuleta matokeo. Nenda na orodha ya dawa zako zote, pamoja na chupa za matone unayotumia.