Nyumba inaongezwa vyumba: je, ununue dhamana ya ujenzi?

Jumamosi moja nilikaa na dada yangu tukiusoma mkataba wa dhamana, yaani ahadi kwamba kasoro za ujenzi zikitokea zitarekebishwa au kulipiwa, ambao mkandarasi wake alikuwa ameuambatisha kwenye makadirio ya vyumba viwili vya nyuma ya nyumba. Swali lake lilikuwa moja tu: alipe au aache. Kazi yangu ni kusimamia ujenzi, na hata hivyo kifungu kimoja kilitumalizia saa tatu nzima, ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: tambua karatasi uliyopewa ni ya aina gani. Ahadi ya mkandarasi mwenyewe hudumu kadiri yeye anavyodumu. Akifilisika, hakuna wa kumdai. Ahadi iliyokatiwa bima huifanya kampuni ya bima ilipe pale tu mkandarasi anapokuwa amefunga shughuli zake. Dhamana ya muundo wa jengo ni bima kamili, mara nyingi ya miaka 10: kwa kawaida miaka 2 ya mwanzo mkandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake, kisha miaka inayobaki bima hubeba kasoro kubwa za msingi, kuta na paa. Cheti cha ukaguzi kutoka mamlaka ya ujenzi hakimo katika orodha hii, kwa kuwa hakimlazimishi mtu yeyote kukulipa.

Hatua ya pili: uliza sheria imekwisha kukupa nini. Ufaransa, kwa mfano, humbana mjenzi kwa miaka 10 kwa kasoro zinazohatarisha uimara wa jengo na kumlazimu awe na bima ya jambo hilo, kwa hiyo mteja wa huko anapouziwa ulinzi uleule ana haki ya kushangaa.

Hatua ya tatu: anza kusoma mahali palipoandikwa mambo yasiyolipwa, kabla ya kusoma yanayolipwa. Nyumba ya zamani imekwisha kutulia juu ya udongo wake, ilhali msingi mpya utashuka kidogo unapopokea uzito wa kuta, na penye udongo wa mfinyanzi, unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa ukame, mwendo huo huchukua muda mrefu zaidi. Ufa basi hutokea pale ukuta mpya unapoungana na wa zamani, na maji ya mvua nayo hupenda kupenya pale paa jipya linapoegemea ukuta wa zamani. Hapo ndipo madai mengi ya vyumba vya nyongeza yanapozaliwa, na hapo ndipo mkataba wa dada yangu ulipokuwa kimya. Kifungu kilisema kwamba bima haihusiki na jengo lililokuwapo kabla ya kazi wala na athari zitokanazo nalo. Tulibishana sana kuhusu neno “athari”, mpaka tulipokuta, kurasa kumi na moja nyuma yake, tafsiri ya “jengo jipya” iliyoishia kabla ya kufika kwenye maungio. Usikubali ufafanuzi wa simu. Andika barua, uulize kama ufa wa kwenye maungio na uvujaji wa kwenye maungio vinalipwa, kisha ulihifadhi jibu pamoja na mkataba. Uliza pia kama kampuni inataka mchoro unaoonyesha nafasi iliyoachwa ili kuta mbili ziweze kucheza, kwa sababu fundi akiiziba nafasi hiyo kwa lipu ngumu, ufa utapita palepale na dai lako litakataliwa kwa kosa lake. Angalia vilevile kiasi ambacho utajilipia mwenyewe katika kila dai. Kikikaribia gharama ya kurekebisha ufa wa kawaida, unalipia karatasi. Nyufa nyembamba za lipu inayokauka hazilipwi, na sioni ubaya wa hilo.

Hatua ya nne: nunua kabla msingi haujamwagwa zege. Mkaguzi wa bima anapaswa kuuona mtaro wa msingi ukiwa wazi, na anayekuuzia dhamana bila kutaka kukagua chochote nisingempa hata senti.

Hatua ya tano: linganisha na njia ninayoipenda mimi. Kubalianeni katika mkataba kwamba utazuia asilimia 5 ya kila malipo, uachie nusu kazi inapokamilika na nusu mwishoni mwa kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, cha miezi 6 au 12. Kisha umlipe mhandisi asiye na uhusiano na mkandarasi afike mara tatu: kwenye mtaro wa msingi, kabla ya jamvi (sakafu ya zege) kumwagwa, na kabla ya dari kufungwa. Kwa chumba cha usawa wa ardhi kisichogusa kuta zinazobeba mzigo, hiyo yanitosha. Ghorofa ikiongezwa juu ya kuta za zamani, ukuta unaobeba ukibomolewa, au ukikusudia kuuza nyumba karibuni, dhamana ya muundo ina thamani yake, mradi iweze kuhamishiwa kwa mnunuzi.

Kampuni ilimjibu dada yangu kwa maandishi kwamba maungio hayamo, naye akaamua kumlipa mhandisi. Katika ziara ya kwanza mhandisi aliukuta mtaro una tope la mvua ya usiku, akazuia zege lisimwagwe mpaka mafundi walipolizoa lote.