Viazi vya kuponda kwa mawese na maharage

Kinachoharibu viazi vya kuponda mara nyingi ni maji, si mkono wa mpondaji. Kwa hiyo anzia sokoni. Chagua viazi mviringo vilivyokomaa, vizito, ambavyo ganda lake halibanduki ukilisugua kwa kidole gumba. Vichanga vina maji mengi na wanga kidogo, ni vizuri kwa mchuzi, havifai hapa. Chenye rangi ya kijani kiache hukohuko: ile ni dalili ya sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Kwa watu 4 au 5 andaa viazi kilo 1, maharage ya njano yaliyoiva na kuchujwa kikombe 1, mawese vijiko vya chakula 4, kitunguu maji 1, maziwa mililita 150 na chumvi. Nyumba nyingi za Kigoma mawese hayakosekani, na kwa viazi hivi tunayapenda kuliko siagi: yana ladha yake, na rangi inavutia kabla hujaonja.

Menya, kata vipande vya sentimita 4 vinavyolingana. Visipolingana, vidogo vitarojeka huku vikubwa vikiwa na kiini kigumu, na mabonge yote hutoka hapo. Weka kwenye sufuria, mimina maji ya baridi yavifunike na kuzidi kidogo, tia chumvi kijiko cha chai 1, ndipo ubandike. Ukivitupa kwenye maji yanayotokota, nje huiva na kumeguka kabla ndani hakujapata moto. Yakichemka punguza moto, acha dakika 15 hadi 20. Choma kwa kisu: kipande kikipasuka chenyewe, epua.

Sasa hatua ambayo wengi huiruka. Mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye makaa machache, tikisatikisa kwa dakika 2 mpaka mvuke upungue na utando mweupe uonekane chini ya sufuria. Hapo viazi vimekauka na viko tayari kunyonya mafuta na maziwa.

Wakati viazi vinachemka, kaanga kitunguu kwenye mawese kwa moto wa wastani hadi kiwe cha kahawia. Usiyaache mawese yatoe moshi. Yakiungua hupauka, wekundu wake ukapotea na ladha ikawa chungu. Maziwa nayo yapashe moto pembeni.

Ponda viazi vingali vya moto, kwa mwiko mpana au kitako cha kikombe cha bati, ukikandamiza kutoka juu kwenda chini. Usitumie blenda, wala usitwange kwenye kinu. Wanga ukisukwasukwa sana hutoka kwenye chembe zake na viazi vinanata kama gundi. Tia kwanza mawese vijiko 3 pamoja na kitunguu chake, changanya, kisha maziwa kidogo kidogo, huenda usiyamalize. Mwisho tia maharage na ugeuze mara chache tu, yabaki mazima. Onja chumvi.

Vikiwa na mabonge, vipitishe kwenye chekecheo kabla ya kutia maharage. Vikiwa majimaji, rudisha kwenye moto mdogo bila kifuniko. Vilivyonata havirekebishiki: vifanye katlesi, chovya kwenye yai, kaanga.

Pakua mara moja, kwa sababu mawese huanza kuganda chakula kikipoa. Fanya shimo katikati, mimina kijiko cha mawese kilichobaki, weka migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) wa kukaanga pembeni na kipande cha limau. Vikibaki, visikae nje zaidi ya saa mbili. Vina maziwa, na joto la mwambao wa ziwa huvichachusha upesi.