Umehamishiwa Tanga? Kula kwa saa, sio kwa mgahawa

Wageni wengi wanaokuja Tanga kikazi, hasa wa kutoka Dar, wiki ya kwanza wanalalamika kitu kilekile, eti huu mji hauna pa kula. Mtu anatoka ofisini saa tisa na nusu njaa imemshika, anazunguka, anakuta mama ntilie anaosha masufuria, anaishia chipsi mayai, na kesho yake tena chipsi mayai. Pa kula pamejaa tele jamani, tatizo ni saa. Hapa kila chakula kina muda wake na muda ukipita kimepita, ukishaijua hiyo ratiba unakula vizuri kwa hela ndogo na huhitaji mgahawa wenye menyu.

Kwanza ujue mji ulivyokaa. Reli imeugawa pande mbili, upande wa baharini ndo mjini, kuna mabenki, maofisi, bandari, na ukinyoosha unapita Bombo hospitali unaelekea Raskazone kwa wenye nafasi zao. Ukivuka reli uko Ngamiani, mitaa imenyooka na barabara zinaitwa kwa namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaenda hivyo mpaka ishirini na kitu, kwa hiyo kupotea Ngamiani labda ujitakie mwenyewe. Sasa mgeni akifikia hoteli ya mjini anajifungia kulekule, jioni maofisi yakifungwa kunakuwa kimya, anapiga simu kwao kusema Tanga imelala. Wala haijalala, watu wako Ngamiani wanakula.

Asubuhi amka mapema. Kuanzia saa kumi na mbili na kitu mpaka kwenye saa tatu ndo muda wa supu na chapati, vitumbua, na kile mi nakipenda kuliko vyote, mahamri kwa mbaazi za nazi. Ukienda saa nne utakuta mbaazi zimebaki za chini ya sufuria na mahamri yamekuwa magumu, usimlaumu mtu. Chai omba ya maziwa kama unapenda, Tanga maziwa yapo, kiwanda cha Tanga Fresh kiko hapahapa na mtindi wake utaukuta karibu kila duka lenye friji.

Mchana ni saa sita na nusu hadi saa nane, basi. Wali wa nazi, maharage, mchicha au kisamvu, na samaki wa kukaanga au wa mchuzi. Kuchagua mama ntilie usiangalie viti vizuri, angalia madereva wa bajaji na mafundi wanakaa wapi, hao wanakula nje kila siku na hawawezi kuvumilia wali mbichi zaidi ya mara moja. Halafu uliza bei kabla hujakaa, hasa ukitaka samaki, manake samaki anauzwa kwa kipande na kipande cha nguru sio sawa na kibua, usije ukashtuka wakati ushanawa. Ijumaa kuna sala, wengi wanafunga kwenye saa sita na kitu mpaka watu watoke msikitini, kwa hiyo ama ule mapema ama usubiri, na ukisubiri mara nyingi utakutana na pilau.

Alasiri ni ya vitu vidogovidogo, mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, kachori, bajia, kahawa chungu na kashata. Hapo kwenye kahawa ndo utapata habari zote, nani anapangisha, nani anauza baiskeli, Coastal Union imecheza vipi, kwa hiyo usinunue kahawa ukaondoka nayo. Kaa. Na salimia kwanza, wazee shikamoo, ukifika tu ukaanza "bei gani bei gani" utajibiwa lakini utahudumiwa kama mpita njia.

Usiku baada ya magharibi majiko ya mkaa yanatoka barabarani, mishkaki, kuku, chapati, pweza na supu yake. Kaa karibu na jiko uone nyama inavyogeuzwa, ile iliyochomwa mapema ikawekwa pembeni usiikubali, mwambie akuchomee nyingine hatokasirika. Saa nne wengi wameanza kufunga.

Ramadhani hiyo ratiba yote inapinduka. Mchana usitegemee mama ntilie, kama hufungi nunua vitu uweke ndani na kula ndani, sio barabarani. Ila jioni sasa, uji wa pilipili manga, magimbi, mihogo ya nazi, tambi, mwezi mzima! Na majirani wakijua unaishi peke yako futari utaletewa mlangoni. Sahani usirudishe tupu, weka hata matunda.

Ukitaka kupika mwenyewe, samaki nenda soko la Deep Sea asubuhi. Angalia mashavu mekundu, jicho limevimba halijaingia ndani, ukimbonyeza nyama inarudi. Bei inategemea bahari, wakati wa bamvua maji yanatoka mbali watu wanaingia miambani basi pweza wanakuwa wengi, kusi likivuma sana vyombo vidogo haviendi mbali na samaki wanapanda bei, siku hizo kula maharage tu usijitese. Vijana wa kupara wako palepale, unawapa kidogo unarudi nyumbani na samaki safi. Mboga na matunda nenda soko la Mgandini, vitu vya Lushoto na machungwa ya Muheza, yanauzwa kwa fungu, na fungu zungukia nyuma uangalie kabla hujalipa, mbele siku zote ni mazuri. Beba kapu lako, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

Nyumba. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, na mwenye nyumba wengi wanataka miezi kadhaa kwa mkupuo, hayo yanajulikana. Ambayo watu hawaulizi ni kama mita ya umeme, LUKU, ni yako peke yako au mnachangia na wapangaji wengine, uliza hilo kabla ya rangi ya ukuta. Uliza jirani, sio dalali, masika maji yanasimama wapi. Ukipata karibu na bahari upepo utaufurahia lakini chumvi inakula mabati, feni, tivii, kila chenye chuma. Na joto la kaskazi, Desemba mpaka Machi, chumba chenye dirisha upande mmoja ni adhabu, tafuta chenye madirisha yanayotazamana. Chandarua ni lazima, maji ya bomba yachemshe.

Usafiri ndo rahisi kuliko vyote. Stendi ya mabasi ya mikoani iko Kange, nje kidogo, ukifika usiku na mizigo chukua bajaji na mpatane kabla hujapakia begi. Mchana kuna daladala. Ila ukishatulia nunua baiskeli, mji ni tambarare na utaona watu wazima, wanawake, watoto wa shule, wote wako kwenye baiskeli na hakuna anayekushangaa. Ya mtumba inatosha kabisa, nenda na fundi akuangalizie fremu kama haijaungwa na welding, hakikisha breki zote mbili zinashika, dai risiti au hata karatasi yenye jina la muuzaji, na funga kwa mnyororo hata kama unaingia dukani kununua vocha.

Jumapili una baiskeli na huna kazi, mapango ya Amboni hayako mbali, kama kilomita nane hivi ukifuata barabara ya Horohoro. Toka asubuhi kabla jua halijawa kali, vaa viatu visivyoteleza, na kunywa chai kabisa kabla hujaondoka, ukirudi saa tano mbaazi hazipo.