Ukoko mweupe kwenye gogo la msindano: usikimbilie kiberiti

Ligeuze gogo la msindano lililolala shambani msimu mzima wa mvua. Upande uliolalia ardhi utaukuta umefunikwa na utando mwembamba, umeshikamana na mti kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Rangi yake ni ya maziwa au kijivu, pengine ya chungwa, na kingoni kuna nyuzi nyeupe ambazo bado zinatambaa. Huo ni uyoga. Hauna mguu wala kofia, wala yale mapindo tunayoyaona chini ya uyoga wa kula. Vimbegu vyake hutoka moja kwa moja kwenye uso wa utando, vikapeperushwa na upepo hadi gogo jingine.

Wakulima wengi wakiuona hudhani ugonjwa umeingia shambani. Hukusanya magogo na matawi, wakawasha moto. Nasema wazi: moto huo ni hatari kwa miti yako na ya jirani kuliko uyoga wenyewe.

Kazi ya uyoga wa ukoko ni kula mti uliokwisha kufa. Nyuzi zake huzama ndani ya gogo na kutoa vimeng'enya vinavyovunja lignini, kitu kinachoupa mti ugumu, pamoja na selulosi, kitu kinachojenga nyuzi zake. Gogo lililoliwa hivyo hubaki jeupe, jepesi, lenye nyuzinyuzi laini. Mti ulio hai haushambuliwi kirahisi, kwa kuwa una maji mengi na utomvu wa kujilinda. Aina chache hupenya kupitia vidonda, na vidonda vingi tunavifanya sisi wenyewe tunapopogolea kwa panga. Pogolea kwa msumeno, matawi yakiwa bado membamba, ukate karibu na shina bila kulichubua na bila kuacha kisiki cha tawi.

Hasara ya kweli iko kwenye magogo uliyokusudia kupasua mbao. Msindano ukishaangushwa, saa imeanza kuhesabu. Kwanza huja kuvu wa buluu, ambaye huharibu rangi na kushusha bei ingawa mbao hubaki na nguvu yake. Baadaye hufuata wenye kula mti wenyewe, ukoko ukiwemo, na hao huondoa nguvu. Chukua kisu, choma ncha yake kwenye mti na kubandua kibanzi. Mti mzima hutoa kibanzi kirefu chenye kupinga. Mti ulioanza kuoza hukatika kifupi na kwa urahisi. Gogo la namna hiyo usilipeleke kupaulia nyumba ya mtu.

Kwa hiyo usiangushe miti kabla ya kukubaliana na mwenye mashine ya kupasua mbao. Huko Mufindi na Njombe, ambako mashine hizo, zile ziitwazo ding dong, huhama shamba kwa shamba, nimeona miti inaangushwa mapema ili mnunuzi aone kazi imeanza, kisha mvua inanyesha na mashine haijafika. Ikibidi magogo yasubiri, yapandishe juu ya magogo mengine yasiguse udongo, kivulini penye upepo. Mbao zikishapasuliwa, zipange juu ya vitako, kila safu ukiitenga na nyingine kwa vijiti, na ufunike juu tu ili pembeni hewa ipite. Uyoga wa kuozesha haufanyi kazi kwenye mti wenye unyevu chini ya asilimia 20, hivyo mbao iliyokauka vizuri na kukaa pakavu haitaliwa na ukoko.

Vipande vilivyobaki, vilele na matawi, viache vioze shambani. Vinashika unyevu, na vikishaiva vinarudisha rutuba kwenye udongo ambao msindano umeutumia kwa miaka mingi. Ila visirundikwe kwenye shina la mti ulio hai wala kwenye njia ya kuzuia moto. Na gogo la asili lililoanguka ndani ya hifadhi ya msitu si lako kuchukua: wadudu, miche na ndege wanaishi humo.

Kuna nchi ambako uyoga wa ukoko umepewa kazi ya ulinzi. Nchini Uingereza, mtaalamu wa magonjwa ya miti John Rishbeth alichunguza kuoza kwa mizizi kwenye mashamba ya misindano ya East Anglia. Aligundua kwamba uyoga uitwao Heterobasidion hauingilii mti uliosimama moja kwa moja. Vimbegu vyake hutua kwenye kisiki kilichokatwa karibuni, huteremka mizizini, kisha huvuka pale mizizi ya kisiki inapogusana na ya jirani. Yaani kupunguzia miti, kazi njema kabisa, ndiko kulikokuwa kunafungua mlango. Mwaka 1963 alichapisha dawa yake: kupaka kisiki kibichi vimbegu vya uyoga wa ukoko, Phlebiopsis gigantea, ambao hukimiliki kisiki kwanza na kumnyima adui chakula. Baadaye Finland ilitengeneza dawa ya kuuza kutokana na uyoga huohuo, na siku hizi mashine za kuvunia hunyunyizia kisiki palepale mti unapokatwa. Mimi naipenda kazi hii kwa sababu inatuonyesha pa kutazama: kisiki, na mizizi yake.

Kwetu Afrika Mashariki mharibifu wa mizizi anayejulikana sana ni uyoga uitwao Armillaria, anayeua misindano, chai, kahawa na miti mingine mingi. Huyu si ukoko, na usimchanganye nao. Dalili zake ziko kwenye mti uliosimama: majani yanapauka na kunyauka, gome la kitakoni linapasuka, msindano unatoka utomvu mwingi chini. Bandua gome usawa wa udongo. Ukikuta chini yake tabaka jeupe zito, lililobana kati ya gome na mti, lenye harufu kali ya uyoga, ndiye. Huku kwetu huenea hasa kwa mizizi kugusana, na mara nyingi huanzia kwenye kisiki cha mti wa asili ulioachwa ardhini shamba lilipofunguliwa.

Ukimkuta, mwite afisa misitu au afisa ugani athibitishe, kisha ng'oa mti ule na miti inayogusana nao, pamoja na mizizi yote minene. Mizizi hiyo ikaushwe juani na ichomwe mahali salama, kwa kibali cha kijiji na siku isiyo na upepo; hapa ndipo moto una kazi. Usiigeuze matandazo. Anayefungua shamba jipya la chai au miti ana njia ya zamani iliyotumika kwenye mashamba ya chai: kubandua mkanda wa gome kuzunguka mti wa asili mwaka mmoja au miwili kabla ya kuuangusha, ili mizizi imalize wanga wake na Armillaria akose akiba ya kulia. Mahali ulipong'oa mti mgonjwa, panda mahindi au nyasi misimu kadhaa kabla ya kurudisha miti, na kila unapolima okota vipande vya mizizi vinavyoibuka.