Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Hirizi na Skarabu za Misri ya Kale

Cha kwanza kukariri ni mwaka: 1983. Kabla ya hapo Misri iliruhusu biashara ya vitu vya kale kwa wenye leseni, na Makumbusho ya Cairo yenyewe kwa miaka mingi yalikuwa na chumba cha mauzo. Sheria namba 117 ya mwaka huo ikamaliza habari: vitu vya kale ni mali ya umma, kuviuza ni marufuku, kuvitoa nchini ni magendo. Kwa hiyo skarabu, yaani hirizi ndogo yenye umbo la mende, unayofunuliwa kwenye kitambaa kando ya kaburi kule Luxor, huku ukinong'onezwa kwamba babu wa muuzaji aliifukua mwenyewe, ni ya bandia au ni ya wizi. Omba iwe bandia, maana adhabu ya magendo haya inaweza kufika kifungo cha maisha. Ukitaka kumbukumbu ya safari, nunua mpya pale Khan el-Khalili, soko kuu la zamani la Cairo, udai risiti, uipakie bila wasiwasi.

Vinavyoweza kununuliwa kihalali ni vile vilivyotoka Misri kihalali kabla ya 1983, vinavyouzwa leo minadani na kwa wafanyabiashara wa London, Paris au New York. Makumbusho mengi hutumia kigezo kikali zaidi: kitu kiwe kilitoka kabla ya mwaka 1970, ulipopitishwa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya urithi wa utamaduni. Nawe ukishike hicho.

Sasa, ushahidi ni nini? Ni kibali cha kutoa kitu nchini, katalogi ya mnada wa zamani yenye picha ya kitu chenyewe, risiti yenye tarehe, barua, orodha ya bima. Maneno kama "kutoka mkusanyo wa bwana mmoja wa Uingereza, miaka ya 1960" si ushahidi, hata yakichapwa kwenye karatasi nzuri. Na karatasi nazo huzaliwa upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mwingereza Jonathan Tokeley-Parry alikuwa akivipaka vitu vya kale plastiki na rangi ili vipite forodha kama vikumbusho vya watalii. Yeye na Frederick Schultz, mfanyabiashara wa New York, wakabuni mkusanyo wa uongo wa miaka ya 1920 kwa jina la Thomas Alcock, na lebo zake wakazichovya kwenye chai ili zionekane zimechakaa. Schultz alitiwa hatiani mwaka 2002. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York nalo lilinunua jeneza lililopakwa dhahabu la kuhani wa Misri ya kale Nedjemankh mwaka 2017 likiwa na kibali cha 1971. Kibali kikaja kugundulika kuwa cha kughushi, jeneza likarudishwa Misri mwaka 2019.

Kwa hiyo usiridhike kuoneshwa karatasi. Omba nakala kabla ya kulipa, itafute mwenyewe ile katalogi inayotajwa, linganisha mikwaruzo ya kwenye picha na ya kwenye kitu, kisha uliza Art Loss Register, daftari la kimataifa la sanaa zilizoibwa, kama kitu hakijaripotiwa kuibwa. Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, mwachie kitu chake. Ulizia pia forodha ya nchi unayokipeleka: Marekani iliwekea vitu vya kale vya Misri vizuizi mwaka 2016, na Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unadai leseni ya kuingiza vitu vya kiakiolojia vyenye zaidi ya miaka 250.

Ukishavuka hapo ndipo ushike lenzi. Skarabu nyingi ni za jiwe la sabuni, lile lile wanalochonga mafundi wa Tabaka kule Kisii. Wamisri walilipaka rangi ya kioo na kulichoma, na moto ukaligeuza kuwa gumu. Rangi mara nyingi imeshabanduka, jiwe likabaki la maziwa au kahawia. Lakini likichunika kwa ukucha, ni bichi, na hapo shaka ni halali. Geuza uangalie tundu linalopita kichwani hadi mkiani. Kingo zilizolainishwa na uzi wa miaka mingi ni dalili njema, kingo kali zinahitaji maelezo. Kama ni fayansi, ile ya buluu au kijani inayotengenezwa kwa mchanga wa kwatzi, tafuta palipovunjika: ndani iwe punjepunje kama sukari. Mgongo bapa usikutishe, kwa sababu hirizi nyingi za fayansi zilikandamizwa kwenye vikalibu vya udongo.

Jina la mfalme lisikupandishe bei. Menkheperre, jina la enzi la Thutmose III aliyetawala karne ya 15 KK, liliendelea kuchongwa kwenye skarabu karne nyingi baada ya kifo chake kwa kuwa lilihesabiwa kuwa kinga. Skarabu kubwa za moyo ni habari nyingine. Hizo ziliwekwa kwa maiti zikiwa na maneno ya kuusihi moyo usimshuhudie mwenyewe vibaya mbele ya hukumu ya wafu. Bei yake si ya mwanafunzi, na bandia zake ni nyingi, kwa hiyo mimi nisingemshauri mtu aanzie hapo. Jicho la mungu Horus au sanamu ndogo ya mungu mlinzi Bes, ya fayansi, yenye karatasi safi, inatosha kabisa kwa kuanzia.

La mwisho ni mahali pa kuviweka, na litatuliwe kabla ya mzigo kufika. Usivioshe: chumvi iliyojificha ndani ya fayansi huyeyuka kwa maji, na inapokauka huinua ile rangi ya juu. Usivivae shingoni, jasho ni adui. Joto la pwani nalo huja na unyevu, basi boksi lifunge vizuri na liwe na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ubadilishe vinaposhiba. Hirizi ya shaba nyeusi ikianza kutoa unga wa kijani hafifu, itenge siku hiyo hiyo mahali pakavu na umtafute mhifadhi wa makumbusho, bila kuusugua.