Kumnyima mtu homrani ukutani kwenye MLB The Show

Huku Lamu vibanda vya gemu ni mpira wa miguu tu, ukiomba besiboli wanakuangalia mara mbili. Lakini MLB The Show, ile gemu ya besiboli, ikikuingia ndo imekuingia, na utamu wake wote kwangu mimi uko pale unapopanda ukutani ukaudaka mpira ambao mpigaji keshahesabu ni homrani, yaani mpira unaopita juu ya ukuta na kumpa bao. Nilikosa sana kabla sijaelewa, kwa hivo naandika vile ningetaka mtu anielezee mimi mwanzo.

Kosa letu wengi ni kudhani kazi iko kwenye R1, kile kitufe cha kuruka kwenye padi ya PlayStation. Kazi iko miguuni. Tunakimbia mbio moja mpaka ukutani tukabonyeza R1 huku stiki bado imesukumwa, jamaa anajirusha ovyo, mpira huo unapita. Mpira ukipigwa usiutazame angani, tazama ile alama ya chini inayoonyesha utakapoangukia na uanze kukimbia saa hiyo hiyo, hata nusu hatua ukichelewa hapa hulipi tena kule mbele. Karibu na ukuta utaona mkanda wa udongo, rangi yake si kama ya nyasi, ukiukanyaga punguza, kaa chini ya mpira, achia stiki, simama kabisa.

Sasa kuruka. Mnajua vile tunaingia mashua pale gatini bahari ikiwa imechafuka, hungoji mashua iwe sawa na mguu wako ndo uamue, unaondoka ikiwa bado inapanda ili mkutane katikati. R1 ni hivo hivo, unabonyeza mpira ukiwa bado juu ya ukuta unashuka, maana jamaa anahitaji muda wa kukunja magoti, kupanda na kunyoosha glovu. Ukiona mpira umefika usawa wa glovu ndo ubonyeze, ushachelewa.

Na angalia tivi! Kuna kibanda nilikuwa nachelewa kila siku nikaona mikono yangu ndo mibovu, kumbe ni tivi inachelewesha picha, siku mwenyewe alipoiweka Game Mode nikadaka wa kwanza jioni hiyo hiyo, wallahi nilipiga kelele mpaka punda wa nje akashtuka.

Kufanya mazoezi chukua rafiki mmoja, mcheze wawili, ugumu uwe wa chini kabisa, mrushie mipira laini ya katikati aipige mbali huku wewe unadaka tu, msihesabu mabao. Chagueni uwanja vizuri. Fenway Park ya Boston upande wa kushoto kuna ukuta wa mita 11, pale hakuna binadamu wa kuufikia, usipoteze jioni yako. Angel Stadium upande wa kulia ni bora, mstari wa homrani ukutani ulikuwa futi 18, mwaka 2018 wakaushusha mpaka futi 8. Na mdakaji wa kati nyuma weka mtu mwenye namba za Speed (mbio) na Reaction (wepesi wa kushtuka) za juu, mfano Mike Trout wa zamani, yule aliyepanda ukuta wa uwanja wa Baltimore mwezi wa sita 2012 akamnyang'anya mpigaji J.J. Hardy homrani, itafuteni video yake mtazame miguu yake kabla hajaruka.

Si kila mpira wa kurukia lakini. Ukiona utagonga ukuta chini usiruke, rudi hatua kadhaa uungoje urudi, ukiruka na kukosa mpira unadundia nyuma yako uwanjani na wewe uko hewani, mkimbiaji anakula besi, vile vituo vya kukimbilia, anavyotaka.

Ukishaudaka usianze kufurahi, kama kulikuwa na mtu besi ya kwanza mara nyingi keshaondoka akijua ni homrani, na mpira ukidakwa lazima arudi besi yake kabla mpira haujafika. Kwenye PlayStation duara ni besi ya kwanza, pembetatu ya pili, mraba ya tatu, X nyumbani. Shika duara, achia kile kipimo cha kurusha kikiwa kwenye kijani, wametoka wawili, mpigaji na mkimbiaji, kwa mpira mmoja.