Ukienda usiku wa kuangalia nyota, andaa macho kwanza

Watu wengi wakisikia kituo cha darubini kimefungua milango kwa wananchi, wanafika dakika ileile mambo yanaanza, simu mkononi, wanachungulia sekunde tatu, "mbona sioni kitu", wanaondoka. Inaniuma sana, maana kitu kilikuwepo pale pale, ila macho yalikuwa bado hayajazoea giza.

Kabla ya yote cheki mwezi. Ukiwa mpevu, mwanga wake unafunika nyota hafifu zote, na hata huo mwezi wenyewe hutaufaidi kwa sababu jua linaupiga usoni moja kwa moja na hakuna vivuli. Nenda siku kama ya saba hivi baada ya kuandama, ukiwa nusu, halafu tazama pale giza na mwanga vinapokutana, kila shimo lina kivuli chake na milima inasimama kabisa. Ila kama unataka galaksi (makundi makubwa mno ya nyota yaliyo mbali sana), chagua siku zisizo na mwezi.

Vaa nguo nzito. Ndani ya kuba, lile jengo la paa la mviringo lenye darubini, hawawashi hita, hewa ya moto ikipanda inatikisa picha, kwa hiyo baridi ya nje ndo baridi ya ndani.

Sasa macho. Yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani ndo yafunguke vizuri, na ukiwasha simu mara moja tu kusoma meseji umeanza upya, wewe na jirani yako. Fika mapema, zima simu, kama lazima uwe na tochi ifunge karatasi nyekundu ya plastiki maana mwanga mwekundu hafifu hausumbui sana.

Ukifika kwenye darubini usiishike, hata kidole kikigusa picha inaruka. Mikono nyuma, sogeza jicho taratibu. Kama hujazoea kufumba jicho moja lizibe na kiganja, watoto hasa waonyeshwe hii kabla hawajapanda kwenye ngazi. Miwani ya kuona mbali au karibu unaweza kuivua, fokasi inarekebisha, ila ya astigmatizimu (jicho ambalo umbo lake halijakaa mviringo sawasawa) baki nayo. Na picha ikiwa na ukungu sema, wale wahudumu wanapenda kuulizwa.

Halafu tulia hapo. Hewa inacheza muda wote, picha inachemka kama maji, ghafla inatulia nusu sekunde. Mimi nilikuwa naangalia sayari ya Zohali, kadogo, njano hafifu, pete naziona kama kitu kimoja, hewa ikatulia na ule mstari mweusi unaozigawa ukatokea, ule alioutambua mwanaastronomia Cassini mwaka 1675, ukapotea tena. Ningeondoka mapema nisingeuona.

Nebula (mawingu ya gesi na vumbi huko angani) na galaksi usitegemee rangi za kwenye picha, utaona moshi wa kijivu. Usiukodolee macho, tazama pembeni yake kidogo, utaona unaongezeka kwa sababu pembeni ya jicho ndo kuna uwezo wa kuona gizani. Na ule moshi wa galaksi ya Andromeda ni mwanga uliotoka huko miaka kama milioni 2.5 iliyopita, umefika jichoni mwako usiku huo.

Kama sayari ya Mshtarii iko juu, panga foleni mara mbili. Chora zile nukta zake nne, yaani miezi yake, alizoziona Galileo mwaka 1610, rudi baada ya saa mbili, linganisha, utakuta kuna iliyosogea.

Mhadhara usiuruke, hata mawingu yakifunga nenda (vituo vingi mhadhara unaendelea tu). Uliza "tumejuaje hilo?", ndo swali linalomfanya mzungumzaji aache slaidi aanze kueleza kweli kweli.

Ukitoka usikimbilie gari, macho yako saa hizo yako vizuri kuliko yalivyokuwa jioni nzima. Kama ni msimu wa Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, kitafute, hesabu nyota zake bila kifaa chochote, wengi wanaishia sita, jaribu kama utafika saba.